Majimbo ya Marekani huchaguaje ardhi ya hifadhi zake, na huipata kwa njia gani?

Mtoa mada: Mwanafunzi wa Mipango

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninaandika tasnifu kuhusu hifadhi za majimbo nchini Marekani, yaani zile zinazomilikiwa na kuendeshwa na serikali za majimbo na si na serikali kuu ya Washington. Nimefika mahali ambapo vitabu vinanipa sheria lakini havinionyeshi jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Chanzo chake nakijua: mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi jimbo la California Bonde la Yosemite na msitu wa miti mikubwa wa Mariposa, kwa sharti kwamba maeneo hayo yabaki kwa matumizi ya umma daima. Lakini pale ardhi ilikuwa ya serikali kuu tangu awali, na nadhani hapakuwa na mtu wa kujadiliana naye bei. Leo hali ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi nzuri, hasa katika majimbo ya mashariki na kusini, ina wenyewe.

Ninachoomba kuelimishwa ni hiki. Jimbo linapotaka kuanzisha hifadhi mpya, je, huanza kwa kutazama mahitaji ya wananchi na kisha kutafuta ardhi inayofaa, au husubiri ardhi ijitokeze sokoni ndipo lijenge hoja? Bei hupangwa na nani, na mwenye ardhi akikataa kuuza inakuwaje? Na je, hifadhi ikishaanzishwa, ni kitu gani hasa kinachoizuia isipotee? Nauliza hili la mwisho kwa sababu ya Fairfield Lake kule Texas, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 2023 ardhi ilipouzwa kwa mwendelezaji binafsi. Nashindwa kuelewa jimbo linawezaje kuendesha hifadhi kwa karibu nusu karne halafu likaambiwa lifungashe virago.

Mpanga Ardhi

Ndugu mtoa mada, kabla ya kujibu naomba kurekebisha jambo moja kuhusu Yosemite, kwa kuwa lina uzito katika mada yako. Bonde lile halikuwa tupu. Waahwahneechee, ambao ndio wenyeji wake, walishambuliwa na kuondolewa na kikosi cha wanamgambo mwaka 1851, miaka 13 tu kabla ya sheria ya Lincoln. Walikuwapo pia walowezi, wakiwamo James Hutchings na James Lamon, waliokuwa wakidai kwamba sehemu za bonde ni zao. Shauri la Hutchings lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1872 iliamua kwamba hakuwa amekamilisha masharti ya kupata umiliki kabla Bunge la nchi halijaligawa bonde hilo kwa California. Jimbo lilishinda kesi, na bado likawalipa walowezi fidia. Wenyeji hawakuwamo katika hesabu hiyo hata kidogo. Kwa hiyo tangu hifadhi ya kwanza kabisa, swali la nani yumo ndani ya mpaka unaochorwa lilikuwapo, na ningekushauri ulipe nafasi kubwa katika tasnifu yako.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Njia zote mbili ulizotaja hutumika, na mfumo wa hifadhi wa jimbo huonekana ubora wake kwa kuangalia ni ipi kati ya hizo iliyotawala. Mfano mzuri wa kuanza na mahitaji ni California yenyewe. Mwaka 1927 iliunda tume ya hifadhi, ikamwajiri msanifu wa mandhari Frederick Law Olmsted Mdogo kufanya uchunguzi wa jimbo zima, na mwaka 1928 wapiga kura wakaidhinisha hatifungani za dola milioni 6 kwa ajili ya ununuzi. Watu na vyama vya wenyeji walileta mapendekezo zaidi ya 300, kila mmoja akiamini kwamba pwani au msitu wake ndio bora. Olmsted aliyapitia na kubakiza sehemu ndogo tu. Vipimo alivyotumia bado vinafaa hadi leo: eneo liwe la kipekee kiasi cha kumvuta mtu kutoka mbali ndani ya jimbo, na si kivutio cha wakazi wa jirani pekee, litumike bila kuharibu kile kinachowavuta watu, maeneo yote kwa pamoja yawakilishe aina mbalimbali za mandhari ya jimbo, na yasambae kijiografia ili upande mmoja usipate kila kitu. Hatifungani zile nazo zilikuja na sharti la busara: kila dola ya jimbo ilipaswa kuendana na dola nyingine kutoka kwa wafadhili au serikali za mitaa. Sharti hilo lilitenganisha wanaosifia msitu kwa maneno na walio tayari kuuchangia.

Pennsylvania ilitumia kipimo cha namna nyingine. Maurice Goddard, aliyesimamia misitu na maji ya jimbo hilo kuanzia mwaka 1955, alijiwekea lengo la hifadhi moja ndani ya maili 25 kutoka kwa kila mkazi. Ni lengo lenye kuvutia kwa sababu linamtazama mtu asiye na uwezo wa kusafiri siku nzima kwenda kupumzika. Lakini ukilifuata, mara nyingine utalazimika kununua ardhi ya kawaida, mashamba yaliyochoka na mabonde ya vijito, na kuyatengeneza kwa kujenga bwawa na kupanda miti. Wapo wanaolaumu jambo hilo, mimi si mmoja wao. Mandhari ya kustaajabisha haipatikani kila palipo na watu, na watoto wa miji ya viwanda nao wanahitaji mahali pa kuogelea.

Yapo pia mambo ambayo hayaonekani kwenye ramani nzuri za kiofisi lakini ndiyo yanayoamua. Umbo la kiwanja ni mojawapo. Ekari 2,000 zilizo katika kipande kimoja cha mviringo ni rahisi kulinda kuliko ekari 3,000 zenye vidole virefu vilivyopenya katikati ya mashamba ya watu, kwa sababu urefu wa mpaka ndio unaozaa uvamizi, moto, mifugo iliyopotea na ugomvi. Mpaka bora hufuata mgongo wa kilima, kwa kuwa anayemiliki bonde huku jirani akimiliki miteremko ya juu hana mamlaka juu ya maji yanayomwingilia. Kisha kuna barabara: lazima iwepo njia halali ya umma ya kuingilia, na si ile ambayo majirani wamekuwa wakiruhusiana kwa wema. Lazima pia pawepo ardhi tambarare isiyofurika na yenye udongo unaopitisha maji, maana huwezi kuweka kambi na vyoo juu ya mwamba au kinamasi. Nimeona mapendekezo yenye maporomoko mazuri ya maji ambayo hayakuwa na hata ekari 10 za kuegeshea magari bila kukata kilima. Mwisho ni gharama ya uendeshaji. Ardhi hununuliwa mara moja, lakini vyoo husafishwa kila siku, na bunge la jimbo linalopitisha fedha za ununuzi kwa shangwe si lazima lipitishe mishahara ya walinzi mwaka unaofuata.

Kuna chombo kimoja cha serikali kuu kinachoyalazimisha majimbo yafikiri kwanza. Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1964 na unaopata fedha hasa kutokana na mafuta na gesi ya baharini, hulipa hadi nusu ya gharama za jimbo, lakini jimbo lisilo na mpango ulioidhinishwa wa burudani za nje halipati kitu. Mwaka 2020 sheria nyingine iliufanya mfuko huo upate dola milioni 900 kila mwaka bila kusubiri huruma ya Bunge. Hapo ndipo swali lako la mwisho linapoanza kujibika, ila namwachia Mthamini, najua ataingia.

Mthamini

Ahsante, Mpanga Ardhi. Nimefanya kazi ya uthamini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitabaki kwenye bei, hati na mikataba.

Ununuzi mwingi wa ardhi ya hifadhi za majimbo hufanyika kwa hiari. Mwenye ardhi anatafutwa, anazungumziwa kwa utulivu, na akionyesha nia, mthamini huru anaajiriwa kukadiria thamani ya soko. Thamani hiyo haipimwi kwa matumizi ya sasa, bali kwa matumizi yenye faida kubwa zaidi ambayo sheria na hali ya ardhi vinaruhusu. Shamba la malisho lililo kando ya ziwa litathaminiwa kama viwanja vya nyumba ikiwa soko la nyumba lipo kweli. Wengi hawalielewi hili, wanadhani serikali imehongwa. Palipo na fedha za serikali kuu, sheria ya mwaka 1970 inataka mwenye mali aalikwe kufuatana na mthamini shambani, apewe maandishi ya ofa isiyopungua kiasi kilichothaminiwa, na mkazi anayehamishwa asaidiwe kuhama na apewe notisi ya angalau siku 90.

Udhaifu wa serikali katika soko ni mwendo wake. Mnunuzi binafsi huandika hundi wiki hii. Jimbo husubiri uthamini, mapitio ya uthamini, upimaji, ukaguzi wa sumu katika udongo, kikao cha bodi, na mara nyingine bajeti ya mwaka ujao. Indiana ilionja uchungu huo mwaka 1916, ilipokuwa ikianzisha mfumo wake wa hifadhi chini ya Richard Lieber. Msitu wa Turkey Run, wenye miti mikubwa isiyowahi kukatwa, ulipigwa mnada, na kampuni ya mbao ikaupata kwa dola 30,200 mbele ya wawakilishi wa mfuko wa hifadhi. Kabla mwaka haujaisha ilibidi jimbo na wafadhili wake, wakiwamo watu wa uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis, waununue kwa kampuni hiyo kwa dola 40,200. Miti ilipona, lakini dola 10,000 zililipwa kwa ajili ya miezi michache ya kuchelewa.

Kwa sababu hiyo kuna asasi zisizo za kiserikali ambazo kazi yake ni kuwahi. Trust for Public Land, iliyoanzishwa mwaka 1972, na The Nature Conservancy ya mwaka 1951 ndizo zinazojulikana zaidi. Asasi huingia mkataba wa kufungia bei: humlipa mwenye ardhi kiasi kidogo ili asimuuzie mtu mwingine kwa muda fulani, au hununua kabisa na kushikilia hadi jimbo lipate fedha. Mwenye ardhi anaweza pia kuuza chini ya thamani na tofauti ile ikahesabiwa kuwa mchango wa hisani katika kodi yake. Au akauza lakini akabaki na haki ya kuishi katika nyumba yake hadi kufa. Kwa mzee ambaye watoto wake wamehamia mbali, njia hii ya mwisho humwondolea hofu kuliko nyongeza yoyote ya bei.

Kuhusu zawadi, hakuna kisa kikubwa kama cha Percival Baxter wa Maine. Alipokuwa gavana, kuanzia 1921 hadi 1925, aliliomba bunge linunue Mlima Katahdin, bunge likakataa. Mwaka 1930 akanunua mwenyewe ekari 5,960 kwa dola 25,000, akalikabidhi jimbo, na akaendelea kununua kipande baada ya kipande hadi mwaka 1962, ambapo zawadi zake zilifikia ekari 201,018. Wamiliki wengi walikuwa kampuni za mbao na karatasi, na ilimbidi avumilie masharti yao, ikiwa ni pamoja na kusubiri miti ikatwe kwanza katika baadhi ya maeneo. Hati zake ziliweka ardhi hiyo katika amana, ibaki katika hali yake ya asili daima, na aliacha fedha za kuitunza. Anayesoma hati hizo anaona mtu aliyejua kwamba bunge lililomkatalia yeye linaweza siku moja kuwakatalia watu wengine.

Sasa hati. Hapa ndipo ninapoomba usome kwa makini, ndugu mtoa mada, kwa sababu jibu la Fairfield Lake limo humu. Texas haikuwahi kumiliki ardhi ile. Ziwa lilitengenezwa ili kupoza mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, na kampuni ya umeme ililikodisha jimbo takribani ekari 1,800 bila malipo. Jimbo likajenga vyoo, kambi na barabara juu ya ardhi ya mwingine. Mtambo ulifungwa mwaka 2018, kampuni ikauza eneo lote la takribani ekari 5,000 pamoja na ziwa, na mnunuzi alikuwa na mipango yake ya nyumba na gofu. Tume ya hifadhi ya Texas ilipiga kura mwezi Juni 2023 kulitwaa kwa lazima, lakini makamishna maalumu walioteuliwa na mahakama wakakadiria fidia ya dola milioni 418, ilhali bei iliyotajwa ya ununuzi ilikuwa takribani dola milioni 110. Jimbo likajiondoa. Mwezi Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Texas waliidhinisha mfuko wa dola bilioni 1 wa kununulia hifadhi mpya. Fedha hizo zingekuwapo miaka mitano kabla, wakati mtambo ulipofungwa, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Hata pale jimbo linapokuwa na hati, ni lazima kuuliza hati ya kitu gani. Katika majimbo mengi uso wa ardhi na madini yaliyo chini huweza kuwa na wamiliki wawili tofauti, na mwenye madini ana haki ya kupita juu ili ayafikie. Pennsylvania ilinunua hifadhi nyingi bila haki za chini, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua, katika kesi ya kampuni iliyotaka kuchimba gesi ndani ya hifadhi ya Oil Creek, kwamba idara ya hifadhi haiwezi kumwekea mwenye madini masharti yake yenyewe kwa sababu tu inamiliki uso kama mwenye ardhi mwingine yeyote. Ongeza na hili: katika majimbo ya mashariki hati za kale huelezea mpaka kwa kusema uanzie kwenye mwaloni mweupe, ushuke na kijito hadi kwenye rundo la mawe. Mwaloni umeoza, kijito kimehama, na rundo la mawe yako matatu. Mpima anaweza kutumia msimu mzima kupatanisha hati za majirani wawili, na wala si uzembe, ndiyo kazi yenyewe.

Mpenda Historia

Nawashukuru kwa michango, lakini naona suala la utwaaji kwa lazima limepitiwa juujuu, nami siko tayari liishie hapo. Kisheria jambo hili lilimalizwa zamani: mwaka 1893, katika kesi iliyohusu Rock Creek Park ya Washington, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hifadhi ya umma ni matumizi ya umma, hivyo ardhi inaweza kutwaliwa ili mradi fidia ya haki imelipwa kama Marekebisho ya Tano ya Katiba yanavyodai. Lililobaki ni la kiutu.

Tazameni Virginia. Ili kupata ardhi ya hifadhi ya taifa ya Shenandoah, ambayo jimbo lingeikusanya na kuitoa kwa serikali kuu, bunge la Virginia mwaka 1928 lilipitisha sheria iliyoruhusu kutwaa maelfu ya vipande kwa pamoja, kaunti kwa kaunti, badala ya kumshtaki kila mwenye shamba kwa jina lake. Familia zipatazo 500 ziliondolewa milimani. Waliokuwa na hati walilipwa kwa bei za zama za mdororo mkuu wa uchumi, na wapangaji waliolima humo miaka yote bila hati hawakuwa na cha kudai. Mmoja wa wenye mashamba, Robert Via, alipeleka shauri hadi Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1935. Vitabu vya wageni kwa miaka mingi viliwaeleza watu wale kama maskini wajinga waliohitaji kuokolewa, na maelezo hayo yalisaidia kuhalalisha kilichotendeka.

Na wakati mwingine hifadhi huwa kisingizio tu. Willa na Charles Bruce, wenye asili ya Afrika, walinunua kiwanja ufukweni Manhattan Beach, California, mwaka 1912, wakafungua mahali pa mapumziko kwa watu weusi waliokuwa wakifukuzwa fukwe nyingine. Mwaka 1924 mji ukaanza kuitwaa ardhi yao kwa madai ya kujenga bustani ya umma, kisha ukakiacha kiwanja kitupu kwa miongo kadhaa. Ardhi ile ikapita mikononi mwa jimbo, kisha kaunti, na ilihitajika sheria maalumu ya California ya mwaka 2021 ili irejeshwe kwa vizazi vyao mwaka 2022. Mwaka uliofuata waliiuzia kaunti kwa karibu dola milioni 20. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba eneo limechaguliwa kwa vigezo vya kitaalamu, nauliza kwanza ni nani waliokuwa wakiishi hapo na kwa nini mstari ulipita kwao na si kwa jirani.

Mthamini

Mpenda Historia, nakubaliana nawe kuhusu nyumba za watu, na naamini kwamba hifadhi isiyoweza kupatikana ila kwa kuvunja kijiji imechaguliwa vibaya tangu ramani ya kwanza. Hata hivyo nisingependa mtoa mada aondoke akidhani mamlaka ya kutwaa hayana kazi nzuri.

Niagara ingekuwaje bila hayo? Kabla ya mwaka 1885 wenye viwanja upande wa New York walikuwa wamezungushia uzio kingo za maporomoko na kutoza watu kiingilio cha kuyatazama. Sheria ya mwaka 1883, iliyosainiwa na Gavana Grover Cleveland, iliruhusu kutwaa. Wamiliki walidai takribani dola milioni 4, wakihesabu hata nguvu ya maji yanayopita mbele yao. Makamishna wakakataa kulipia mto ambao haukuwa wao, na tuzo zikawa dola 1,433,429.50. Tarehe 15 Julai 1885 watu waliingia bure.

Matumizi ya pili ni ya kimyakimya na hayaandikwi magazetini. Kuna ardhi iliyorithiwa bila mirathi kwa vizazi vitatu au vinne, wamiliki wametawanyika, wengine hawajulikani walipo. Wanaojulikana wanataka kuuza, lakini hakuna anayeweza kusaini kwa niaba ya wote. Jimbo hufungua shauri la utwaaji kwa ridhaa yao, mahakama inasafisha hati, na fidia ya warithi wasioonekana hubaki mahakamani hadi wajitokeze. Tahadhari yako inafaa hapa pia, kwa kuwa ardhi ya namna hiyo kusini mwa Marekani mara nyingi ni ya familia za watu weusi, na wamewahi kuipoteza kwa mbinu za mahakamani. Ndiyo maana mkono wa kwanza uwe wa warithi wenyewe, si wa jimbo.

Mtoa mada: Mwanafunzi wa Mipango

Nawashukuru sana nyote. Limebaki moja. Nikichagua hifadhi mbili au tatu za kuchunguza, ni nyaraka zipi zitanionyesha kama ardhi yake imelindwa kweli au imelindwa kwa jina tu?

Mpanga Ardhi

Anza kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, si kwenye tovuti ya hifadhi. Soma hati ya kila kipande, maana hifadhi moja huweza kuwa na vipande 40 vilivyopatikana kwa njia tofauti: hiki kimenunuliwa, kile kimekodishwa, kingine kimetolewa zawadi kwa sharti kwamba kikitumiwa vinginevyo kirudi kwa warithi wa mtoaji. Angalia nani ana madini, nani ana njia ya nguzo za umeme, na mkataba wa pango unaisha lini.

Kisha uliza ni sehemu gani iliguswa na fedha za ule Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, na uombe ramani ya mpaka iliyoambatanishwa na ruzuku. Kifungu cha 6(f) cha sheria yake kinasema kwamba ardhi iliyonunuliwa au kuendelezwa kwa fedha hizo haiwezi kubadilishiwa matumizi bila idhini ya serikali kuu, na ikibadilishwa lazima ipatikane nyingine yenye thamani ya soko isiyopungua na manufaa yanayolingana kwa burudani. Mara nyingi mpaka huo hujumuisha hifadhi yote hata kama ruzuku ilijenga gati moja la mashua. Ni kinga yenye nguvu kuliko tangazo la gavana.

Usiishie kwenye sheria za serikali kuu, kwa sababu hatari nyingine hutoka ndani ya ofisi inayosimamia hifadhi. Mwaka 2024 huko Florida, jimbo lililotumia kwa miongo kadhaa mabilioni ya dola kununua ardhi, idara husika ilitangaza mpango wa kujenga viwanja vya gofu na hoteli ndani ya hifadhi kadhaa, mojawapo ikiwa Jonathan Dickinson. Hati zilikuwa za jimbo na hapakuwa na mnunuzi wa nje. Wananchi wa vyama vyote walijitokeza kwa wingi, mpango ukaondolewa, na mwaka 2025 bunge likapitisha sheria ya kuzuia ujenzi wa namna hiyo. Kwa hiyo soma pia mpango wa usimamizi wa kila hifadhi unayoichagua, tazama ulipitishwa lini na kwa mashauriano gani, na uulinganishe na madhumuni yaliyoandikwa siku ardhi iliponunuliwa. Madhumuni hayo utayapata katika kumbukumbu za kikao cha bodi kilichoidhinisha malipo, ambazo huwa na maelezo mengi kuliko hati yenyewe: nani alipinga, bei ilipunguzwa mara ngapi, na jirani gani aliahidiwa kwamba njia yake ya kwenda mtoni haitafungwa.